Nguo za Bwana Bati

Kola ilikuwa na jasho.

Fundi aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. Hakukosea. Miaka yote aliyokaa nyuma ya cherehani alikuwa ameshika nguo za watu wa kila namna, na ule mstari wa hudhurungi unaobaki shingoni mwa shati la mtu aliyeshinda juani aliujua vizuri. Ila shati lile halikuwa la mtu. Lilikuwa la Bwana Bati.

Bwana Bati alikuwa roboti wa kipindi cha watoto kwenye televisheni. Kichwa cha mraba, macho ya taa, mabega mapana kama meza, mwili wa mabati yaliyopakwa rangi ya fedha, na ndani mtupu kama debe. Kila wiki alijaribu kazi mpya. Leo dereva, wiki ijayo daktari, inayofuata mpishi, na kila kazi akaiboronga watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. Madukani waliuza vinyago vyake vidogo na vijikoti vya kuvisha na kuvua. Lakini nguo zake za studio, zile kubwa, alizishona Fundi peke yake, akazifua, akazipiga pasi. Na aliyemtembeza roboti huyo na kumpa sauti alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye Fundi alimlea tangu mama yao alipofariki. Mdogo wake alijificha nyuma ya pazia jeusi, akavuta nyaya, akasema maneno ya kuchekesha kwa sauti ya puani.

Jioni ile mdogo wake alipopita kula, Fundi alimtupia shati mapajani.

"Nani amelivaa hili?"

"Alivae nani? Mabega yale yanamtosha mtu gani?"

"Basi jasho la nani?"

Mdogo wake alicheka. "La mwenyewe. Unadhani udereva ni kazi ndogo, dada?"

Fundi naye akacheka, akaliloweka shati, mambo yakaishia hapo. Lakini alipolikamua, maji yalitoa harufu iliyomfanya ageuze uso. Ilikuwa harufu ya chuma kilicholowa, na chini yake harufu ya mtu aliyelala na homa katika chumba kisichofunguliwa madirisha.

Wiki chache baadaye kikaja kipindi cha harusi. Fundi alishona suti nyeusi ya bwana harusi, shati jeupe na tai, na watazamaji wakaipenda hata mtayarishaji akaamua Bwana Bati asiivue tena. Suti ikawa ndiyo sare yake. Haukupita muda koti likarudishwa likiwa limechanika kwapani. Fundi alilaza pale palipochanika juu ya meza, akatazama nyuzi. Hazikukatwa na ncha ya bati. Zilikuwa zimevutika kutoka ndani, kidogo kidogo, kama zinavyovutika nguo za mtu anayenenepa.

Bati halinenepi. Hilo alijiambia huku akilipanua koti.

Kesho yake mdogo wake akaleta suruali mbili. "Nipunguzie kiunoni. Zinanidondoka."

"Huli?"

"Nakula, tena kuliko zamani. Sijui kinakwenda wapi."

Fundi alimzungushia futi kiunoni, akasoma, akasoma tena. Halafu, bila kujua kwa nini, akalivuta lile koti la roboti na kupima kile alichokiongeza. Kilichopungua huku ndicho alichokiongeza kule, wala si uzi mmoja zaidi. Aliikunja futi polepole, akaiweka mfukoni, akamwambia mdogo wake akae ale tena.

Alitaka kwanza ajionee mwenyewe. Alikwenda studio saa ya chakula cha mchana, watu wote wakiwa wametoka, akipeleka koti. Taa kubwa zilikuwa zimezimwa, mwanga wa jua ukipenya kwenye mwanya wa mlango. Bwana Bati alikuwa amesimama katikati ya jukwaa na shati lake jeupe. Fundi alimvalisha koti kama kawaida, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akaanza kufunga vifungo, na alipofika kifua aliona kitambaa kinapanda. Kikapanda, kikashuka. Akadhani ni upepo. Akaweka kiganja pale kifuani, mahali alipozoea kugonga na kusikia mlio wa debe, na chini ya koti pakabonyea, pakiwa na uvuguvugu, kama anavyobonyea mtu.

"Kwapani bado pananibana, fundi," ilisema sauti ya puani, taratibu sana, karibu na sikio lake.

Fundi aligeuka kutazama pazia. Pazia lilikuwa wazi. Nyuma yake palikuwa na kiti kitupu, na nyaya zilikuwa zinaning'inia chini, hakuna hata moja iliyofungwa.

Alitoka mbio mpaka akapoteza kiatu kimoja. Mdogo wake alimkuta nyumbani amejifungia, akabisha, akafunguliwa, akakaa sakafuni akiegemea ukuta kama mzee.

"Umemsikia," alinong'ona.

"Tangu lini?"

"Niligundua ulipomvisha suti. Nilikuwa navuta nyaya, nikaona ananitangulia. Baadaye nikawa naanza neno, yeye anamalizia. Sasa nakaa tu nyuma ya pazia, dada. Nakaa tu. Na kila kipindi kikiisha naona kama nimesahau kitu kule ndani yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Watoto wanampenda," alisema, na machozi yakamtoka. "Hawajawahi kunipenda mimi hivyo."

Fundi alikwenda kwa bibi mmoja mwaguzi, mwanamke wa maneno machache aliyeishi nyuma ya soko. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kabla hamjamvisha, alikaa uchi?"

"Alikaa stoo miaka."

"Na hakuna kilichomwingia. Debe tupu ni debe tupu. Mkalivika nguo, mkalipa jina, mkalipa kazi, mkalichekea. Jini ni mpita njia asiye na kwake. Akiona nyumba imefagiliwa, mlango wazi na taa inawaka, utamlaumu akiingia?" Akamsogelea. "Aliyevisha ndiye avue, peke yake. Usitumie mkasi. Fumua uzi kwa uzi, anza na mshono uliomalizia. Mdogo wako akae mbele yake, kile kilichochukuliwa kipate njia ya kurudi. Na usikie, mwanangu. Atakulilia. Atakuita kwa sauti unayoipenda kuliko zote. Usimjibu."

Walikwenda siku ya mapumziko, mchana kweupe. Mdogo wake alikuwa amedhoofika kiasi kwamba Fundi alimshika kiunoni kumpandisha ngazi, na alipomkalisha kitini kichwa kiliangukia kifuani, macho yakafumbika. Bwana Bati alisimama mbele yao, suti imemjaa, shingo ya shati imetuna juu ya tai. Fundi alichukua sindano, akaingiza ncha kwenye mshono wa kwapani, akaanza.

Uzi wa kwanza ulipotoka, kitu ndani ya bati kilivuta pumzi. Alifumua bega, akafumua mkono, vipande vya koti vikawa vinaanguka miguuni pake vikiwa vizito na vyenye joto kama nguo zilizovuliwa sasa hivi, na ile harufu ya chuma na homa ikajaa chumba chote mpaka akaionja ulimini, na juu ya harufu ile ikaja sauti, kwanza ya puani, ikimwambia fundi taratibu, fundi utaniumiza, halafu si ya puani tena, bali ya mdogo wake, nyembamba, inayotetemeka, ikisema, dada, nasikia baridi, dada, nisitiri, usiniache uchi mbele za watu, na Fundi akauma midomo, akakumbuka maneno ya bibi, akaendelea kufumua huku machozi yakimtiririka na kulowesha vidole, akamaliza suruali, akaja kwenye shati, na hapo sauti ikashuka, ikawa kama ya mtoto mdogo anayeamka usingizini, ikamwita, "Mamada."

Mkono wake ulisimama.

Mdogo wake alipokuwa anajifunza kusema, hakuweza kuamua kama yeye ni mama au dada, akaunganisha yote mawili. Alipokua akaona haya, akaliacha mbele za watu. Lakini wakiwa wawili tu, akiwa na huzuni au mgonjwa, bado alimwita hivyo, na hakuna mwingine duniani aliyelijua jina lile.

"Mamada, ni mimi. Niko humu. Angalia vizuri nani amekaa kitini."

Fundi aligeuza shingo. Mdogo wake alikuwa ameinua kichwa. Rangi ilikuwa imerudi usoni, mashavu yamejaa, macho yamefunguka na kutulia.

"Usimsikilize, dada," alisema kwa upole. "Bibi alikuambia atafanya hivi. Malizia."

Fundi akamalizia. Uzi wa mwisho ulipotoka, shati lilianguka, na ndani ya bati pakasikika mtu akivuta pumzi ndefu asiyeirudisha. Taa za macho zikazimika. Fundi aligonga kifua, pakalia kama debe. Akaanguka mapajani mwa mdogo wake, akalia, na mdogo wake akampapasa kichwa mpaka akanyamaza.

Kipindi kilifungwa. Mtayarishaji alisikia habari nusu nusu, akaogopa, akaliuza lile bati kwa wayeyusha vyuma. Mdogo wake akahamia kwa Fundi. Alikula, akanenepa, akapata tabasamu, akaamka mapema kufagia uwanja. Majirani wakamsifia. Fundi alimshukuru Mungu kila asubuhi, ingawa usiku, kwa sababu asiyotaka kuitafuta, alikuwa anafunga mlango wa chumba chake kwa ndani.

Siku moja bibi mwaguzi alikuja kumjulia hali mgonjwa wake. Alifika kizingitini, akamwona kwa mbali akiandaa meza, na hakuingia. Alimvuta Fundi mkono mpaka uwanjani.

"Siku ile alikuita vipi?" aliuliza chini chini. "Yule wa kwenye bati."

Fundi alimwambia.

"Na huyu? Mkiwa wawili tu, anakuita nani?"

"Dada."

"Tangu siku ile hajawahi kukuita lile jina? Hata mara moja? Hata akiwa na huzuni?"

Fundi alitikisa kichwa, akageuka kutazama mlangoni.

Bibi alirudi nyuma hatua moja, mkono ukitafuta ukuta. "Bati liko wapi?"

"Lilishayeyushwa."

"Ee mwanangu," alisema bibi. "Jini huiba mwili na sauti, ila jina kama lile haliibi. Nilikuonya usimjibu nikidhani aliye kwenye bati bado ni jini. Nisamehe. Tulichelewa. Walikuwa wameshabadilishana nguo."

Ndani, vijiko vilikoma kulia mezani. Nyayo zikaja taratibu mpaka nyuma ya mlango, zikasimama.

"Dada," ilisema sauti, kwa upole kama siku zote. "Mbona mnaongelea juani? Mkaribishe mgeni. Chakula kinapoa."