Bibi Achagua Risiva

Kila siku saa kumi na mbili jioni, kazi zote nyumbani kwetu husimama. Baba hukung'uta vumbi la mbao kwenye suruali, kwa sababu ni seremala na karakana yake imepakana na sebule. Mama huacha kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Kaka yangu huacha kujifanya anasoma. Tunakaa kutazama tamthilia, na Bibi, mama yake Baba, hukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Mimi nasoma shule ya bweni. Huko nimefundishwa hesabu, jiografia, na namna ya kuwafanyia watu utani bila kukamatwa. Likizo hii nilipofika nyumbani niliona jambo. Bibi alikuwa anacheka kwa kuchelewa. Tukicheka, anatutazama nyuso kwanza, kisha ndipo naye anacheka.

Ningeweza kumuuliza kwa nini. Mimi nikaamua kufanya utafiti. Televisheni ikiwa inanguruma, nilimgeukia nikachezesha midomo bila kutoa sauti yoyote.

Bibi akatikisa kichwa kwa adabu. "Ndiyo, mjukuu wangu. Ahsante sana."

"Hajasema kitu huyo!" Kaka alipasuka kwa kicheko.

Tukacheka wote. Hata Baba alicheka mpaka akashika mbavu.

Bibi aliweka kikombe chake mezani taratibu.

"Nimefanya kazi kwenye ubao wa simu miaka thelathini na moja," alisema. "Watu mia mbili kwa siku wananiomba niwaunganishe. Wengine wanalia, wengine wamelewa, wengine wako kwenye mvua. Sikukosea jina la hata mmoja. Leo nimekuwa kichekesho. Jumamosi nahamia kwa shangazi yenu. Kwake hakuna televisheni, kwa hiyo hakuna wa kunicheka."

Kicheko kikakatika kama umeme. Ilikuwa Jumapili.

Jumatatu Mama alimpeleka Bibi kliniki ya masikio. Walirudi na jibu. Bibi hakuwa kiziwi. Alikuwa amepungukiwa kidogo tu na usikivu wa sauti nyembamba, kama watu wengi wa umri wake.

"Daktari amesema tuongee naye tukimtazama," alisema Mama. "Na tusimpigie kelele."

"Basi mwenye kosa ni televisheni," alisema Baba. "Nitalimaliza leo hii."

Baba akikata kauli, hata msumari uliopinda huingia ukutani. Alitoka, na jioni akarudi na boksi kubwa. Ndani mlikuwa na risiva ya sauti, yaani kile kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwenye televisheni na kuigawa kwenye spika. Spika mbili nzuri tulikuwa nazo kabatini tangu zamani. Boksi lilikuwa na sabufa pia, ile spika ya kutoa mvumo mzito. Juu ya boksi palikuwa pameandikwa WATI 5000 kwa rangi ya moto.

"Dukani wamenipigia ngoma," Baba alisema, "nikaisikia tumboni!"

Baba amefanya kazi na msumeno wa umeme miaka ishirini. Alikuwa amechagua kwa tumbo kwa sababu masikio yake yalishaanza kudai likizo. Lakini nani angethubutu kumwambia?

Aliiunganisha, akaiwasha. Taa za bluu zikamulika. Vijiko vikalia kabatini. Kwenye tamthilia, bwana mmoja alikuwa anamwambia mkewe siri kubwa, na kwa masikio yetu ilisikika: bum, mbum, mbum.

"Unasikia, Mama?" Baba alipaza sauti.

"Nasikia gari la mchanga," Bibi alijibu. "Limeegeshwa sebuleni."

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, mwanamke anayetengeneza redio na televisheni nyumba ya pili. Mtaa mzima humwita Fundi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniokoa?"

"Nimekuja kuokoa skurubu zangu. Zinatembea zenyewe mezani." Akamgeukia Baba. "Jirani, mmefungua kiwanda?"

Baba alieleza yote kwa fahari, hasa zile wati elfu tano. Fundi hakucheka. Aliomba kijitabu cha maelezo, akafunua kurasa za mwisho.

"Hizo elfu tano ni nguvu ya kufumba na kufumbua," alisema. "Wewe ukifukuzwa na nyuki unaweza kuruka ua. Je, unaweza kuruka ua kutwa nzima?"

"Siwezi."

"Basi usisome namba ya juu ya boksi. Soma wati ambazo risiva inatoa mfululizo kwa kila spika. Hii hapa imeandikwa arobaini."

"Arobaini!" Baba alitoa macho. "Wameniibia!"

"Tulia. Kwa sebule hii arobaini safi zinatosha. Shida yenu ni maneno. Herufi kama s, f na t ni sauti nyembamba, na ndizo zinazotuwezesha kutofautisha neno na neno. Mvumo mzito unazifunika. Bibi anabaki na ngurumo tupu. Hata sisi hatusikii vizuri, ila tunabahatisha."

"Nipunguze sabufa?"

"Itasaidia kidogo. Lakini tazama nyuma yake. Hakuna tundu la spika ya kati. Kwenye filamu na tamthilia, maneno mengi hupitia spika ya kati, ile inayokaa chini ya televisheni. Risiva hii ni ya kuchezea muziki."

Baba akachukua risiti. "Wamesema naweza kubadilisha ndani ya siku saba. Kesho narudi. Fundi, twende wote."

"Nitakuja. Lakini atakayechagua si mimi wala wewe. Ni yule atakayesikiliza."

Wote tukamtazama Bibi.

"Naandaa mizigo," alisema Bibi. Kisha akanyoosha mgongo. "Duka linafunguliwa saa ngapi?"

Kesho yake tulikuwa mlangoni kabla ya muuzaji kufungua kufuli. Fundi alikuwa amejiandaa. Alileta spika zetu mbili, kwa sababu risiva husikika tofauti kwa spika tofauti. Aliandika aina ya tundu la sauti la televisheni yetu, ili waya ukubali pande zote mbili. Alisoma pia namba ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, nyuma ya spika. Zilikuwa za omu sita.

"Risiva lazima iwe imeandikwa kwamba inakubali omu sita," alimweleza Baba. "Ikiwa inataka nane na kuendelea, itafanya kazi kwa taabu, ichemke, ijizime."

Mwisho alitoa flashi, ile kumbukumbu ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni. Alikuwa amerekodi humo dakika tano za tamthilia, watu wawili wakizungumza wakati wa mvua.

"Kwa nini msisikilize ngoma?" aliuliza muuzaji. "Ngoma inaonyesha nguvu!"

"Bibi haongei na ngoma," alisema Fundi.

Bibi aliomba kiti. Akakaa akiipa televisheni mgongo, akafumba macho, akaweka mikono magotini. Ghafla hakuwa Bibi wa kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa mfanyakazi kazini.

"Haya," alisema. "Niunganishe."

Kwenye risiva ya kwanza alirudia kila sentensi kwa sauti, na mimi niliandika. Maneno kumi na moja yalimpita. Kwenye ya pili, yalimpita saba. Muuzaji akaanza kupandisha sauti kwa siri.

"Rudisha!" Bibi aliamuru bila kufumbua macho. "Mkono wako nausikia."

"Sauti zote zilingane," Fundi aliunga mkono. "Kinachopigwa kwa nguvu hudanganya sikio, linadhani ndicho kizuri."

Muuzaji akairudisha sauti, akaunganisha ya tatu. Ilikuwa nyeusi, fupi, haina taa hata moja ya mapambo. Ilikuwa na tundu la spika ya kati, ilikubali omu sita, na ingeweza kupandisha maneno bila kupandisha mvumo. Mvua ikanyesha ndani ya spika. Bibi akaanza kurudia, neno baada ya neno. Alifika hadi mahali mke anaponong'ona, mahali ambapo mimi mwenye masikio ya miaka kumi na sita sikuwahi kusikia kitu.

"Amesema, 'Funguo usimpe,'" alisema Bibi. Akafumbua macho. "Hiyo. Fungeni."

Muuzaji alipigwa na butwaa. Risiva ile ilikuwa ya bei ndogo kuliko ya Baba, na tofauti ilitosha kununua spika ya kati.

Siku mbili zilizofuata Baba hakugusa kazi ya mteja yeyote. Alitengeneza meza ndogo ili spika ya kati ielekee masikio ya mtu aliyekaa. Kaka alileta sabufa yake ndogo ya chumbani akaiweka konani; Baba aliiondoa hapo, maana kwenye kona mvumo huongezeka. Mama alitaka kuifunika risiva kwa kitambaa cha maua. Fundi alikitoa.

"Inahitaji hewa," alisema. "Ukiifunika, itaungua."

Ndani ya boksi mlikuwa na maikrofoni ndogo. Fundi aliiweka juu ya kiti cha Bibi, usawa wa masikio yake. Risiva ikatoa milio, ikajipima yenyewe sauti inavyofika pale. Tuliambiwa tunyamaze kabisa. Nilinyamaza dakika mbili nzima. Kwa upande wangu hiyo ni historia.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni tulikaa. Mizigo ya Bibi ilikuwa mlangoni, imefungwa kamba. Tamthilia ilianza. Baba, kwa mazoea, akapandisha sauti.

"Punguza," alisema Bibi.

Baba akapunguza.

"Punguza tena. Mnadhani mimi kiziwi?"

Sauti ikawa ya mazungumzo tu, kama watu wameketi nasi. Mzee mmoja kwenye tamthilia alitoa mzaha kwa sauti ya chini. Bibi alicheka peke yake. Sisi wengine tukamtazama usoni.

"Amesema nini?" aliuliza Baba.

"Sikilizeni wenyewe."

Nilikuwa nyuma ya kiti chake. Nikanong'ona, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizo nazo, "Bibi, nisamehe."

Hakugeuka. "Nimekusikia. Nimekusamehe. Sasa usinifunike maneno, huyu mwanamke ameficha zile funguo."

Jumamosi asubuhi simu ililia. Alikuwa Shangazi, akiuliza atoke saa ngapi kwenda kituoni kumpokea Bibi.

"Usiende," Bibi alimwambia. "Labda mwaka ujao. Siwezi kuondoka sasa, funguo hazijapatikana."