Senene za Mtu Mmoja

"Bena, nakuuliza mara ya mwisho. Jumapili wazee wa Josia waje kukuposa, au wasije?"

Sauti ya shangazi Sabina ilitoka kwenye simu kama mwiko unaogonga sufuria. Benadetha aliibana simu kwa bega, mkono mmoja una kitambaa, mwingine umeshika kiti cha plastiki. Ukumbi ule wa Muleba ulikuwa na viti mia mbili, na yeye ndiyo kwanza alikuwa kwenye cha arobaini.

"Shangazi, niko kazini."

"Kazi gani isiyo na mshahara? Wenzako wanaigiza, wewe unafuta viti. Haya, kitendawili: nawapikia wote, mwenyewe nalala na njaa."

"Chungu."

"Basi chungu ni wewe. Niko kwenye gari, nimeshatoka Kaagya. Nakuja kulichukua jibu kwa mkono wangu. Josia ni jirani yangu, ni mtu wa kanisani, kahawa yake inazaa. Waitu, mwanangu, unangoja malaika?"

Simu ikakatika.

Bena alikuwa fundi cherehani kule Kagondo, na tena katibu wa bodi ya Pokea Ongeza, kikundi cha maigizo ya papo kwa papo. Waigizaji wa kikundi hicho hawaandiki wala hawakariri. Watazamaji wanawatupia neno, wao wanaligeuza mchezo palepale. Sheria yao ni moja: mwenzako akikupa kitu jukwaani hukatai, unapokea na kuongeza chako. Kiingilio hakuna. Bodi ina watu watano wanaojitolea, na kazi yao ni kuomba kumbi, kubandika matangazo na kufuta viti. Jukwaani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga.

Mlango ulisukumwa. Akaingia Mayenga na benchi begani. Huyu alikuwa Msukuma mnunuzi wa dagaa, mjumbe wa bodi kwa upande wa visiwani.

"Shikamoo kazi, Katibu."

"Weka pale, Mjumbe Mayenga."

Akaliweka. Hakuondoka.

"Zamani ulikuwa unaniita Maye."

"Zamani ni zamani."

"Miezi sita, Bena. Mimi nilikukosea nini?"

"Kasome muhtasari wa Novemba. Ajenda ya nne."

Mayenga akajikuna kichwa. Ajenda ya nne aliikumbuka vizuri, maana siku ile walikula wakashiba.

Mambo yalikuwa hivi. Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, walishuka Kagondo kama mvua. Bena aliamka na umande, akawaokota kwenye nyasi mmoja mmoja. Akawanyonyoa mabawa, akawanyonyoa miguu, akawakaanga kwa chumvi kidogo, akawafunga kwenye jani la mgomba. Kwa bibi zetu Wahaya jambo hilo halikuhitaji barua. Mwanamke haamki na umande kwa ajili ya mwanaume asiyemtaka, na mwanaume akizipokea senene zake hujibu kwa nguo. Bena alimkabidhi Mayenga jani lile mlangoni, kabla ya kikao, bila neno. Akaenda kukaa kwenye kiti chake cha katibu, akangoja.

Dakika kumi baadaye Mayenga akaingia na jani wazi mkononi.

"Wajumbe, Katibu katuletea senene. Karibuni."

Wakala wote. Mwalimu Kahangwa, mwenyekiti, akajifuta midomo na kusema, "Iandikwe kwenye muhtasari. Bodi inamshukuru Katibu." Na Bena, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika: *Ajenda ya nne, mengineyo. Wajumbe walikula senene. Zilikuwa tamu.*

Nyumbani alilia hadi cherehani ikamwonea huruma. Tangu siku hiyo Maye akawa Mjumbe Mayenga. Na Josia, makamu mwenyekiti, akaanza kupita kwa shangazi kila Jumapili na mkungu wa ndizi.

Sasa ukumbini simu ya Bena ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Abel, kiongozi wa waigizaji: *Dada Katibu, ziwa limechafuka. Boti zote zimezuiwa hapa kisiwani Goziba. Leo hatutoki. Mtusamehe.*

Bena akausoma mara mbili. Nje watu walikuwa wameshaanza kufika. Wengine walitoka Kamachumu, wengine Nshamba, akina mama na watoto mgongoni.

Bodi ikakutana nyuma ya pazia, wamesimama.

"Tuwaambie warudi makwao," alisema Josia. Alikuwa na suti ya kijivu na kalamu mfukoni.

"Mara ya pili?" Mama Georgina, muuza ndizi na mjumbe wa tano, akaweka mikono kiunoni. "Mwezi wa pili tuliwarudisha kwa mvua. Tukiwarudisha na leo, Muleba hatukanyagi tena. Hata paka hatakuja."

"Basi nani ataigiza?"

Mwalimu Kahangwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miaka thelathini na nane ya chaki ilikuwa kifuani mwake.

"Sisi."

"Mwalimu, mimi siwezi," Bena alisema.

"Binti, miaka minne tunawaambia vijana pokea, ongeza. Leo tumepewa sisi. Tukatae?"

Mama Georgina alikuwa ameshavua viatu.

Ukumbi ulipojaa, Mwalimu akatoka mbele ya pazia.

"Waheshimiwa, waigizaji wamekwama Goziba. Sisi ndio bodi. Hatujawahi kuigiza hata siku moja. Anayetaka kuondoka aondoke sasa, viti tulishavifuta."

Watu wakacheka. Hakuondoka mtu.

"Kitendawili."

"Tega," ukumbi ukaitikia.

"Tupeni neno."

Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, sauti moja ikatoka mstari wa mbele. Bena aliijua. Shangazi Sabina alikuwa amekaa pale, mkoba mapajani.

"Senene."

Watu wakapiga makofi. Bena akageuka kulitafuta pazia. Lakini mikono haikumngoja. Iliinama yenyewe, ikaokota kitu kisichokuwepo kwenye nyasi zisizokuwepo. Ikanyonyoa bawa. Ikanyonyoa mguu. Mmoja, wa pili, wa tatu. Kelele zikapungua. Wanawake wazima wa Muleba waliitambua mikono ile, wakaegemea mbele.

"Anawapeleka kwa nani huyu?" mmoja akamnong'oneza mwenzake, na ukumbi mzima ukasikia.

Bena akakunja jani la hewa, akalifunga kwa uzi wa hewa, akavuka jukwaa.

"Pokea."

Mayenga akapokea kwa mikono miwili.

"Za nani hizi?"

"Za mtu mmoja."

"Mtu mmoja?"

"Mwanamke haamki na umande kwa ajili ya kikao."

Ukumbi ukaunguruma kwa vicheko. Mayenga hakucheka. Alilitazama lile jani ambalo halipo, kisha akamtazama Bena, na watu wakaona uso wa mtu anayefunguliwa dirisha.

"Dada, mimi ni mgeni kwenye ardhi hii," akasema polepole. "Nilipopewa jani kama hili nilitoka nje, nikamwuliza mwenyeji mmoja: kwenu hapa maana yake nini? Akaniambia: senene zikija siku ya kikao ni za wajumbe wote. Ukila peke yako utakuwa umemtukana aliyekupa."

"Uongo," bibi mmoja akasema kutoka nyuma.

"Mimi niliogopa kumtukana. Basi nikagawa."

Bena alisahau kwamba wanatazamwa.

"Nani alikwambia hivyo?"

"Jirani."

Kwenye bodi ile jirani alikuwa mmoja tu, yule wa shangazi Sabina. Alisimama kando ya pazia, suti ya kijivu, kalamu mfukoni.

"Mtaje," watu wakadai. "Mtaje."

"Simtaji," Mayenga alisema. "Ana mdomo wake."

Josia akatazama mlango wa kutokea. Mama Georgina akamsogelea peku, taratibu.

"Jirani, umepewa. Jukwaani hatukatai."

Josia akasogea mbele hatua moja. Watu mia mbili walikuwa wanamsubiri, na mbele yao shangazi aliyekula mikungu yake miezi sita.

"Ni mimi," akasema. "Nilijua ni za nani. Nilitaka ziwe zangu."

Ukumbi ukalipuka. Waliopiga makofi wakapiga, waliozomea wakazomea, na wengi walidhani bado ni mchezo. Bena alijua, na Mayenga alijua.

"Zililiwa zote," Bena alimwambia Mayenga kwa sauti ndogo. "Hata moja haikubaki."

"Basi acha nijibu kwa kuchelewa."

Akalilaza jani kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akakunjua kitenge cha hewa, akakitandaza mabegani kwa Bena. Bena akakishika pindo, akakipima kwa kiganja kama fundi.

"Kifupi."

"Nitaongeza."

"Rangi gani?"

"Utakayosema wewe, siku zote."

Vigelegele vilianza kwa akina mama wa Nshamba, vikapanda hadi bati likaitika. Shangazi Sabina akasimama na mkoba wake. Watu wakadhani amekasirika.

"Wewe kijana wa dagaa."

"Naam, shangazi."

"Kitenge cha hewa hakivaliki. Jumapili ulete cha kweli, Kaagya, na mzee wa kukusemea. Wale wengine nitawaambia wasije."

"Mzee ninaye," Mayenga akasema. Mwalimu Kahangwa alikuwa ameshanyoosha tai.

Jioni, wakipanga viti, Bena alimwuliza shangazi, "Ulijua habari za zile senene?"

"Nijue nini? Nilikuwa na njaa."

Lakini alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Harusi ilifungwa Agosti, kanisani Kagondo. Abel na wenzake walikuja na boti ya alfajiri, wakaigiza ukumbini hadi maharusi wakashika mbavu. Josia naye alikuja. Alifika kabla ya watu wote, akafuta viti mia tatu bila kuambiwa, na Bena alipompelekea sahani ya chakula alisema tu, "Asante, Katibu. Unisamehe."

"Kula kwanza," Bena alimjibu. "Chungu leo nacho kimeshiba."

Novemba senene wakashuka tena. Siku ya kikao Bena aliingia na jani la mgomba limefungwa vizuri, akamkabidhi mumewe mbele ya wote, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Mama Georgina akanyoosha mkono kwa mazoea. Mayenga akalikumbatia jani kifuani kama mtoto.

"Mwenyekiti, tuendelee na ajenda."

Mwalimu Kahangwa akakohoa, akatazama karatasi.

"Ajenda ya nne. Mengineyo."

Bena akaandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa: *Hakuna.*