Seva Itasoma Tu, Baba

HUNA RUHUSA!

Wajukuu zangu wa mtaani, hayo ndiyo maneno niliyoandikiwa na kompyuta yangu mwenyewe, ndani ya duka langu mwenyewe, mbele ya mteja!

Nikavua miwani. Nikaifuta kwa shati. Nikaivaa tena.

HUNA RUHUSA.

"Mzee, vipi, umefukuzwa kazi?" fundi cherehani akanitania. Huyo ni mteja wangu wa siku nyingi, mdomo wake haufungi hata akiwa ameuma pini.

Nikacheka.

Kumbe alikuwa amesema kweli tupu...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, na mnivumilie, maana mimi nikianza kuongea nazunguka kama bobini ya uzi.

Nauza vipuri vya cherehani. Duka lenyewe chumba kimoja, kuta zote droo. Kichwa cha duka alikuwa marehemu bibi yenu. Mimi shule niliiona kwa mbali, yeye akaenda kujifunza kompyuta ukubwani, akarudi na mashine ya mezani inayonguruma kama paka mwenye mafua. Humo akatengeneza databesi. Yaani kila kipuri, jina lake, na droo yake.

Ila majina sasa!

Hakuandika ya kiwandani. Aliandika yale tunayoitia vitu na mafundi pale kaunta. Mkia wa panya. Sikio la paka. Jino la mama mkwe! Hilo la mwisho alilibuni mwenyewe, siku aliyogombana na mama yangu.

Alipofariki, kila nikitafuta kipuri nikawa namsikia anaongea.

Basi, akaja mwanangu mkubwa. Tangu utotoni tunamwita Meneja, kwa kupenda kwake kutuma wenzake.

"Baba, duka tulipeleke mtandaoni."

"Tulibebe na droo zake?"

"Baba bwana! Nafungua tovuti. Nakodi seva, kompyuta iliyo huko mbali, naiunganisha na databesi ya mama humu kwenye kompyuta. Mteja akitaka kipuri, seva inakuja kuuliza hapa, inajibiwa, inampelekea jibu."

"Kwa hiyo huyo seva ni mtu wa kutumwa."

"Hapo hapo!"

"Yeye mwenyewe hana shida na kipuri?"

"Hana. Anauliza kwa niaba ya mtu."

Shikeni hilo, wajukuu zangu. Kwa niaba ya mtu...

"Na vitu vya mama yako atavigusa?"

"Seva itasoma tu, baba. Haitaandika hata nukta."

"Apa."

"Haki ya Mungu!"

"Haya, unganisha."

"Nipe neno la siri."

"Hilo hapana. Geukia ukutani."

Akageuka, ndevu zote zile, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Sasa ninyi nitawaambia. Lile neno ndilo linalowasha mashine, na mwenye nalo ndiye anayeamua nani asome na nani aandike. Lilikuwa "kijogoo." Ndivyo bibi yenu alivyokuwa akiniita tukiwa wawili, eti naamka mapema na kupiga kelele bila sababu. Mzee mzima nimwambie mwanangu jina la chumbani? Thubutu!

Nikaliandika mwenyewe. Nikamsimamia Meneja mpaka akachagua palipoandikwa "kusoma tu."

Na ilifanya kazi, sitadanganya. Simu zikaanza kuita kutoka miji nisiyoijua. Nikawa natamba mtaani, mimi na seva wangu.

Mpaka asubuhi ile.

"Mzee, nipe mkia wa panya," fundi akasema.

Nikaandika. Hakuna.

Sikio la paka. Hakuna.

Jino la mama mkwe... Hakuna!

Mahali pake pamejaa herufi na namba za kiwandani, utadhani nauza magari. Nikajaribu kuandika upya, mkia wa pa... Ndipo likaja lile.

HUNA RUHUSA.

Nikampigia Meneja. Akaja anahema.

"Majina ya mama yako yako wapi?"

"Nimeyabadilisha. Baba, mteja wa mbali atajuaje jino la mama mkwe ni kitu gani?"

"Ulisema seva itasoma tu!"

"Mambo yamebadilika, baba. Sasa seva ndiyo inaandika. Wewe tumekuweka kwenye kusoma tu. Upumzike."

Nipumzike! Mimi!

"Ya mama yako uliyaweka pembeni? Una nakala?"

Akaangalia viatu vyake.

"Meneja. Unayo?"

"...Hapana."

Sikumfokea. Nikainama chini ya meza, magoti yakalia, nikachomoa waya ukutani.

Ule mngurumo ukakatika. Duka likawa kimya kama siku ya msiba.

"Baba! Umefanya nini? Tovuti yote imekufa!"

"Si ulisema seva iko huko mbali?"

"Ipo! Lakini haina wa kumuuliza!"

"Basi na yenyewe ionje upweke."

Simu yake ikaita. Kwa haraka yake, akabonyeza spika bila kujua.

"Bosi, mzee ameizima..."

Bosi? Meneja ana bosi gani?

"Iwashe haraka, wateja wanalalamika!" Sauti ya kike.

"Itaniomba lile neno, na mimi nimelisahau."

"Wewe nawe! Si kijogoo! Herufi ndogo zote!"

Jamani...

Jamani, jamani...

Fundi na mdomo wake wote, akajifanya anahesabu droo.

Duniani hapa mtu mmoja tu aliniita hivyo, na mtu mmoja tu aliwahi kumsikia. Ni wakati bibi yenu anaumwa. Nguvu zilimwishia, akasahau kwamba hatuko wawili, akaniita, "Kijogoo, niletee maji." Aliyekuwa pembeni akimlisha uji ni kitinda mimba wetu. Binti yangu. Yule niliyempenda mpaka kaka zake wakaninunia.

Kumbe Meneja naye alikuwa seva tu! Anauliza kwa niaba ya mtu!

Nikaichukua ile simu.

"Mwanangu."

"...Baba?"

"Kijogoo ndiye anayeongea."

"Baba, nisikilize. Duka lilikuwa linakufa. Nilijua ukisikia ni mimi ninayelibadilisha utaumia, ndiyo maana nikamtuma kaka."

"Na kunifungia nje ndiyo nisiumie?"

"Tuliogopa utabonyeza kitu, tupoteze kila kitu..."

"Mlichokipoteza mnakijua?"

Nikamsikia anaanza kulia. Sauti yake ya kulia ni ya mama yake, ile ile. Nusura nimwambie yaishe.

"Ungeniomba, mama."

"Ungekataa, baba."

"Ningekataa. Ungenibembeleza kidogo, ningekubali. Lini nimewahi kukushinda wewe?"

"Mimi nilitumwa tu, baba," Meneja akasema pembeni.

"Najua. Seva hana shida na kipuri."

Mtaniuliza, babu, ulivunja ile mashine? Sikuvunja. Wenzenu, wajukuu zangu wa damu, wanakula kupitia duka lile. Nikainama tena, nikarudisha waya. Paka akaanza kunguruma. Ikaomba neno la siri, nikaandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa mara ya mwisho.

"Haya, Meneja, kaa hapa. Tafuteni neno lenu."

"Kwa nini, baba? Hili si linafanya kazi?"

"Duka chukueni. Kompyuta chukueni. Jina langu naondoka nalo."

Akabadilisha. Safari hii mimi ndiye niliyegeukia ukutani. Sikutaka kujua waliweka nini.

Fundi akanisindikiza mpaka nje. Hakutania. Mkia wa panya wake pia hakuupata.

Somo langu ni fupi. Mtu akija kuwaomba mfungue mlango, msimwangalie yeye peke yake hapo mlangoni. Muulizeni katumwa na nani. Na mkipata jibu, kaeni chini kwanza, maana linaweza kuwa jina mnalolipenda.

Kitinda mimba wangu ananitumia meseji kila siku. Baba, nisamehe. Baba, umekula? Baba, nijibu hata neno moja.

Nasoma tu.

Siandiki.