Kilio cha Kuazima

Jua lilikuwa linazama nilipobeba ndoo kwenda kuchota maji kwenye pampu ya kambi. Mwanangu Junie alinifuata na viatu vyake vya mvua. Tangu tufike msituni alikuwa ameona kindi tu, na mimi nilimwahidi kulungu. Tangu mama yake, Corinne, afariki, ahadi zangu nyingine zote zilikuwa zimekwenda na maji.

"Baba, hao kulungu wako wamekwenda likizo?"

Basi nikatoa simu. Nilikuwa nayo sauti ya ndama wa kulungu akilia, ile ambayo wawindaji huitumia kumvuta mama. Nikabonyeza.

Kulungu jike alikuja mbio, kiwele kimejaa maziwa. Akakatiza barabara ya vumbi iliyopita kando ya kambi, bila kutazama. Lori la magogo halikuwahi kufunga breki, likamuua pale pale.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Junie hakulia. Alinitazama tu.

Bi. Lorna, mama mzee anayeangalia kambi ile, alifika na tochi yake. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Umemwita mama kwa kilio cha mtoto, Wendell. Funga virago uondoke. Msitu huu ukiuchezea, nao hukuchezea."

"Bi. Lorna, usimtishe mtoto."

"Simtishi yeye. Nakutisha wewe."

Nilianza kung'oa hema, Junie akinimulikia kwa tochi. Ndipo kilio kile kikasikika tena, ndani ya misonobari. Nikaitazama simu. Ilikuwa imezimika.

Kilio kikakatika.

Kimya...

Halafu harufu ya sabuni ya mawaridi, ile ya Corinne.

"Junie... njoo, mwanangu."

Ilikuwa sauti yake hasa, na kile kicheko kidogo alichokuwa akimalizia nacho jina la mtoto. Moyo ulinipasuka. Junie alitupa tochi akakimbia. Nilimdaka kofia ya koti miti ilipoanzia, akaning'ata mkono.

"Niache. Mama ananiita."

Nikamfungia garini, nikaondoka, hema nimeliacha pale pale. Sauti ilitufuata hadi barabara ya lami. Haikuwa ikiita tena. Ilikuwa ikilia.

Sasa tuko nyumbani, mjini Boise, na alama za meno hazijafutika. Jana tulikuwa tunaosha vyombo, Junie akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Yule kulungu alimsikia mtoto wake, akaja. Mimi mama aliniita, ukanifungia. Na kama alikuwa mama kweli?"

Nilisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Nafsi inanisuta mpaka leo, kwa kulungu yule na kwa Corinne pia.

Jioni hii nimesikia mtoto analia jikoni. Nikaenda mbio.

Junie alikuwa amesimama dirishani, macho makavu, amevaa viatu vya mvua. Mkononi alikuwa na simu yangu. Alikuwa amejirekodi akilia, na sasa alikuwa akikicheza kilio hicho kuelekea gizani, nyuma ya nyumba, akingoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilimfundisha mwenyewe.

"Zima, Junie," nilinong'ona.

"Nimeshazima, Baba. Ameshasikia."

Dirisha lilikuwa wazi, na jikoni kote kulinukia sabuni ya mawaridi.