Gari Lililovuta Kushoto

Haya yalimpata rafiki yangu Gustave, hapa hapa Johannesburg, mwaka 2017. Mdogo wake Gradi aliuawa mtaani Alexandra na watu aliowauzia mkate kila asubuhi, na hakuna aliyeshtakiwa. Tangu mazishi, gari lao kuukuu likawa linavuta kushoto. Gustave alibadilisha matairi, wapi! Kwa hasira akaliegesha juu ya shimo la kukagulia magari la fundi Claude, aliyekuwa tayari chini gizani, akabaki ameshika usukani.

“Kaka, kushoto kumelemewa,” fundi akasema kutoka shimoni. “Mwambie mwenzako ashuke, nipime.”

Gustave akageukia kiti cha kushoto, alichozoea kukalia Gradi. Kilikuwa kitupu.

Springi zikalia. Upande wa kushoto ukainuka polepole.

“Asante, ndugu,” fundi akasema.