Gari la Kwanza Lenye Rangi

Alhamisi, saa kumi alasiri

Honoré alichora mji kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha nyuma cha karakana ya rangi. Mstari mrefu ulikuwa barabara kuu. Msalaba ulikuwa duka la Alphonse, mnunuzi wa dhahabu. Duara, mwishoni kabisa, lilikuwa daraja la Shari. Baada ya daraja ni mji mdogo wa Komanda, baada ya Komanda ni msitu, na msituni hakuna anayeuliza maswali.

Walikuwa watatu. Honoré alisimamia kizuizi cha barabarani kwa ajili ya kundi moja la wapiganaji, hadi kundi lilipovunjika. Kasereka, mtu wa Butembo, ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Fabien alikuwa dereva. Silaha zilikuwa mbili, bunduki na bastola, na dereva hakupewa.

"Alphonse hafunguake mulango kwa jeep nyeupe," Honoré alisema. "Alisema vile mbele ya batu bote."

Ilikuwa kweli. Vita vilikuwa vimepungua mjini Bunia, havijaisha vijijini. Polisi wapya walikuwa wamepewa jeep tatu nyeupe, bila maandishi. Lakini jeep nyeupe mjini zilikuwa nyingi: za mashirika, za wafanyabiashara, za watu ambao hakuna aliyejua kazi yao. Jeep nyeupe ilisimama mbele ya nyumba, waliomo wakasema ni polisi, baba wa nyumba akaondoka nao. Asubuhi polisi wakasema si wao. Labda walisema kweli. Hakuna aliyeweza kujua.

Kwa hiyo mji ukabishana miezi sita. Mkutano wa mwisho ulifanyika katika ukumbi wa parokia. Komanda wa polisi alisimama akasema gari lenye alama ni shabaha. Wapiganaji waliojificha kando ya barabara wataliona kutoka mlimani, na yeye ameshazika vijana wawili. Hakukosea. Mama Viviane, mkubwa wa wauzaji wa soko, alimjibu bila kusimama.

"Mbuzi yangu iko na alama ku sikio. Gari inabeba bunduki, na haina?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Alphonse akaongeza kwamba yeye, bila rangi na namba, hamfungulii mtu. Na kutoka benchi la tatu, katika shati safi, Honoré aliomba neno. Alizungumza kwa utaratibu kuhusu faida za alama. Alipigiwa makofi.

Wazee wa mji wakaamua: buluu, mstari wa njano, namba mlangoni. Karakana ya Kasereka ikapewa kazi. Polisi wangeleta jeep zao Jumatatu.

Jeep ya Honoré ilikuwa uani, chini ya turubai. Nayo ilikuwa nyeupe.

"Mji yenyewe njo imetupatia ufunguo," Honoré alisema. Wangetoka Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa sharti la Fabien, na hakuwa na sharti jingine. Domitille, dada yake mkubwa, ndiye aliyepima dhahabu katika duka la Alphonse, kwa mizani ndogo, vijiti vya kiberiti vikiwa mawe ya kupimia. Alikuwa Muadventista. Siku ya Sabato hakugusa mizani. Vita vilipofika kwao Epulu walitoka pamoja kwa miguu, na Fabien alipougua homa njiani Domitille alimbeba mgongoni, ingawa alikuwa karibu sawa naye kwa kimo. Wengine wa nyumba yao hawakufika.

Kasereka alifuta mikono kwa kitambaa. Alisema polisi walipita saa sita. Hawatangoja Jumatatu. Watazileta jeep zote tatu Jumamosi alfajiri, na mji ukishaziona hizo tatu, ya nne itaulizwa ilitoka wapi.

"Njo kusema kesho," Honoré alisema.

Fabien aliinuka. "Kesho yaya iko kazini," alisema; ndivyo alivyomwita dada yake.

Honoré alimweleza kwa upole. Wataingia, watawafunga watu, watawageuza waangalie ukuta. Dereva hatoki kwenye usukani. Dada hatamwona.

"Hatutagusa hata unywele yake. Miye nilisha kukudanganya?"

Fabien alifikiri. "Bado," alisema.

Kasereka alicheka. Honoré hakucheka.

Ijumaa, saa moja asubuhi

Fabien alipita kwa Domitille. Alimuuliza kama hajisikii mgonjwa. Domitille alisema ni mzima, akampa chai na mhogo, akamuuliza ataoa lini, maana shati lake linahitaji mtu. Fabien alitaka kumwambia abaki nyumbani. Angeulizwa kwa nini. Alikunywa chai, akaaga.

Saa tatu asubuhi

Kasereka alijua kazi yake. Buluu ilikuwa imelala sawasawa, mstari wa njano ulinyooka, namba ilikaa katikati ya mlango. Sare zilitoka kwa fundi cherehani aliyeambiwa ni za mchezo wa kuigiza wa parokia. Honoré alivaa kofia, akawa polisi kuliko polisi.

Walitoka. Kwenye kona ya kwanza dereva wa pikipiki aliwaona, akasimama, akapiga saluti. Honoré aliirudisha. Kasereka alisema laiti angejua rangi inafanya hivi, angejipaka mwenyewe zamani. Kwenye kona ya pili watoto wa shule walikimbia pembeni ya gari wakisoma namba kwa sauti.

Fabien hakupenda. Watu walikuwa wakiangalia sana. Jeep nyeupe huangaliwa, kisha kila mtu hugeuza uso. Hii hawakugeuza.

Saa tatu na nusu

Mlango wa Alphonse ulifunguliwa kabla haujagongwa. Alphonse mwenyewe alitoka na mikono yake miwili mbele.

"Karibuni, ba-chef. Sasa mumekuja kama batu."

Honoré na Kasereka waliingia. Fabien alibaki kwenye usukani, miwani myeusi usoni, injini ikinguruma.

Wa kwanza alikuwa fundi wa saa wa jirani. Aligusa mstari wa njano kwa kidole, akakiangalia kidole. Kisha wakaja wanawake na mafungu ya sombe, majani ya mhogo, kichwani. Kisha vijana wa kuuza mafuta ya petroli kwa chupa. Mzee mmoja aliegemea dirishani akamwambia Fabien kwamba yeye, katika mkutano, alikuwa upande wa nyeupe, lakini sasa ameona, amekubali. Mama mmoja alishtaki kuku wake wameibwa, akamtaja kwa jina aliyewaiba. Fabien alisema wangoje chef, yaani mkubwa wake. Alisema hivyo kwa kila mtu.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Walikuwa wamepanga kuhusu mlango mmoja. Hawakukumbuka kwamba mji uliodai kitu miezi sita utatoka kukiangalia. Watu waliokosa nafasi kando ya gari walisogea dukani. Fundi wa saa aliingia ndani kabisa kumpongeza chef.

Huwezi kufunga watu kamba mbele ya wanaokuja kukupongeza. Honoré aliamua papo hapo. Alitoka na mfuko wa ngozi kwapani. Nyuma yake alikuja Alphonse, nyuma yake Domitille, mikono yao imefungwa kwa waya wa simu, na bunduki ya Kasereka mgongoni mwao.

"Magendo ya dhahabu," Honoré aliwatangazia watu. "Sheria ni kwa bote."

Watu waliitikia kwa mguno wa kuridhika. Rangi haijakauka vizuri, na polisi tayari wanafanya kazi. Alphonse alifungua kinywa; bunduki ikamsukuma mbele.

Waliingizwa nyuma, Kasereka kati yao na mlango. Honoré alikaa mbele.

"Ulisema ku ukuta," Fabien alisema chini kwa chini.

"Endesha."

Sauti ilitosha. Domitille aliinua kichwa, akaitazama shingo ya dereva.

"Fabien."

Hakuita kwa nguvu. Honoré alimwangalia Domitille katika kioo kwa muda mrefu.

"Sasa anakujua," alisema. "Si kitu. Tutaongea ku daraja."

Fabien alilijua daraja la Shari. Enzi za kizuizi, Honoré alikuwa ameongea na watu wengi pale. Hakuna aliyerudi kueleza waliongea nini.

Saa nne kasoro robo

Pikipiki zilikuwa zimetangulia na habari. Walipofika usawa wa soko, barabara kuu ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa wameshatandika vitenge vyao juu ya lami na vumbi, kimoja baada ya kingine, kama wanavyomtandikia askofu au bibi harusi. Wengine walipunga matawi. Wengine walipiga vigelegele. Gari lilipunguza mwendo mpaka likawa linatambaa, kisha likasimama.

Mama Viviane alisimama mbele ya bampa, mikono kiunoni.

"Dereva, shuka. Hakuna mugeni anapitaka juu ya kitenge na pneu ya gari. Shukeni, mutembee, kisha mupite."

Honoré alitabasamu kupitia kioo. Bila kugeuza kichwa alimwambia Fabien apite.

"Kuko bana," Fabien alisema, akiwaangalia watoto waliosimama mbele ya gari.

"Batatoka. Pita, ao ninaanza na huyu wa nyuma." Bastola ilikuwa imegusa mbavu za Fabien.

Fabien aliangalia mambo yalivyo. Gari likisonga, watu watatawanyika. Kutoka hapo mpaka darajani barabara ni wazi. Darajani watakufa wawili, labda watatu. Likibaki hapa, kuna silaha mbili na soko zima.

Alizima injini. Alichomoa ufunguo, akafungua mlango, akashuka. Honoré hakupiga risasi. Macho mia yalikuwa juu yake.

Fabien alikanyaga kitenge.

"Mama," alisema, "hii gari si ya polisi. Tumeiba kwa Alphonse. Ule wa nyuma ni yaya yangu. Banaenda kumuua."

Mama Viviane aliiangalia buluu, akaangalia namba, akaangalia sare.

"Polisi gani anajishitaki?"

Honoré alikuwa ameshashuka upande wa pili, ametulia. Aliomba radhi kwa akina mama. Dereva amekunywa tangu asubuhi, alisema, ataadhibiwa.

Ndipo jeep nyeupe ikatokea upande wa chini wa barabara. Mlinzi wa soko alikuwa ameenda kumuuliza komanda wa polisi kwa nini amepaka gari bila kualika watu. Komanda alitoka nje akazihesabu zake: zote tatu nyeupe, zote tatu uani. Alikuja na vijana wanne.

Honoré aliiona kabla ya wengine. Aliinyooshea kidole, kana kwamba ndani yake walikuwa wenzao wa wafungwa wake.

"Njo bale. Banakuja kuokoa benzao."

Hakuhitaji kusema zaidi. Mji ulikuwa umejifunza somo lake katika ukumbi wa parokia: bila rangi, si polisi. Jiwe la kwanza lilivunja kioo. La pili lilimpata komanda kwenye paji la uso. Alishuka mikono juu, damu ikimwingia jichoni, akitaja jina lake na cheo chake, na vijana wa mafuta wakamwambia aonyeshe namba.

Honoré alimgeukia Fabien na kufungua kiganja, chini, karibu na kiuno.

"Ufunguo."

Fabien hakutoa.

Mama Viviane alikuwa hayaangalii mawe. Aliangalia kiganja kile. Chef hamwombi dereva mlevi ufunguo kwa kunong'ona. Aliwapita wote wawili, akaenda kwenye dirisha la nyuma.

"Binti, unamujua huyu dereva?"

Bunduki ya Kasereka ilikuwa kwenye ubavu wa Domitille. Akisema simjui, gari litaondoka. Akisema ninamjua, wote watatu watabaki mikononi mwa soko, na soko la Bunia lilikuwa na njia yake na wezi: tairi kuukuu na mafuta ya chupa. Vijana wa mafuta walikuwa hapo hapo.

Domitille alimwangalia mdogo wake, si Mama Viviane.

"Njo mutoto wa mama yangu," alisema. "Anasema kweli. Ni mwizi."

Kelele zilikatika kuanzia dirishani, zikaenda zikikatika mpaka kwenye mawe. Wa kwanza kuvunjika alikuwa Kasereka. Aliweka bunduki sakafuni mwa gari taratibu, akainua mikono.

"Miye ni mupaka rangi tu," alisema. "Ule njo mukubwa."

Honoré alifyatua mara mbili. Risasi moja ilimpata Fabien begani, ikamwangusha juu ya vitenge. Nyingine ilikwenda hewani, kwa sababu wakati huo wanawake walikuwa wameshamfikia. Walimfunika. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga kelele. Kulikuwa na sauti ya kazi tu. Waliposogea kutoka kwenye mwili, komanda hakuwa na mtu wa kumfunga pingu.

Saa nne na robo

Kasereka alikuwa amefungwa kwa waya ule ule wa simu. Alphonse alikuwa amekaa kando ya mtaro na mfuko wake mapajani. Fabien alikuwa chini, shati limelowa, na mduara wa watu ulikuwa unazidi kumbana. Mtu alikuwa tayari ameleta tairi.

Komanda alipenya akishika paji lake. Alisema wafungwa ni wake, atawapeleka kituoni, mmoja anahitaji daktari.

Mama Viviane alimzuia. "Si mu gari ile," alisema, akionyesha jeep nyeupe. "Mu ile gari, hatutoi mutu."

Komanda alibishana. Alikuwa amebishana na mwanamke huyu miezi sita, na alijua ubishi unapofika mwisho. Aliiangalia jeep yake iliyovunjika kioo. Aliiangalia ile ya buluu. Alinyoosha mkono, na Fabien akampa ufunguo, umelowa damu.

Kasereka aliingizwa nyuma. Fabien aliinuliwa, akawekwa karibu naye. Mduara haukufunguka. Walikubali gari; hawakuwa wamekubali kwamba lazima lifike na watu walio hai. Upande wa Fabien kioo kilikuwa kimeshapasuka, na kila mmoja aliyesimama upande huo alikuwa na kitu mkononi.

Domitille alikuwa huru. Mtu alimwambia aende nyumbani, akapumzike. Alisugua alama za waya kwenye vifundo vya mikono yake. Kisha alifungua mlango wa nyuma, akamwambia Fabien asogee katikati, akaketi yeye upande wa dirisha.

Komanda aliketi kwenye usukani. Injini ilinguruma. Domitille aliweka kiwiko chake nje ya dirisha, waone kuna nani, na gari likaanza kusonga.