Injini Iliyofungiwa Miezi Kumi

Patrobas Opicho alikuwa mpakiaji mizigo katika kiwanda cha sabuni. Aliishi Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda ulio kando ya mto, na mkewe Nabalayo na binti yao mdogo, Sally. Kila asubuhi alikwenda kazini kwa miguu. Jioni alirudi, akanywa chai mlangoni na kusalimiana na majirani.

Nyumba ya pili waliishi mzee Mahad na mkewe Raho. Mahad alikuwa amepooza upande mmoja na hakuweza kutembea. Raho aliuza vitambaa katika soko la Gikomba. Mchana Nabalayo ndiye aliyempelekea mzee uji na kumgeuza kitandani.

Baada ya mafuriko ya mwaka uliotangulia, shirika moja la misaada liliwapa wakazi boti ndogo ya uokoaji, yenye injini. Wakazi wakamchagua Patrobas aitunze, kwa sababu hakuwa mlevi wala mwizi. Yeye akaiweka nyuma ya ukumbi wa mtaa, akaifunika kwa turubai na kuifunga kwa mnyororo. Ufunguo akauvaa shingoni. Kwake yeye, kutunza kitu ni kukifungia.

Siku moja Nabalayo alimshauri aiwashe injini aone kama ingali nzima. Patrobas alikataa. Alisema injini ikiwashwa bila kazi inachakaa, na petroli inapotea bure. Basi petroli ya siku ya kwanza ikabaki kwenye tangi miezi kumi. Kitabu cha maelezo ya injini kikabaki ndani ya mfuko wa plastiki kilimokuja, hakijafunguliwa.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne mto ulivunja kingo zake. Nabalayo alikuwa amempeleka Sally shuleni, na maji yakamzibia njia ya kurudi. Raho alikuwa sokoni. Mzee Mahad alikuwa kitandani, peke yake.

Maji yalipofika magotini, vijana wawili wa jirani waling'oa mlango wa choo. Walitaka kumlaza mzee juu yake wambebe. Patrobas akawazuia. Aliwaambia mlango utapinduka, na kwamba boti itamfikia mzee kwa dakika tano. Wakati huohuo simu yake ililia. Aliyepiga alikuwa Raho.

"Baba Sally, mzee yuko ndani. Nitafute watu wamtoe?"

"Usitafute mtu," Patrobas akamjibu. "Boti inatoka sasa hivi."

Alifungua mnyororo, akavuta kamba ya kuwashia. Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Akavuta tena na tena mpaka kiganja kikachubuka. Vijana wakaanza kuisukuma boti kwa mbao, lakini mkondo ukawarudisha nyuma. Kisha boti yenyewe ikaanza kujaa maji. Kizibo cha tundu la chini hakikuwepo, na hakuna aliyejua kilikuwa kimepotea lini.

Wakaiacha. Walipoufikia mlango wa Mahad kwa kushikilia kuta, maji yalikuwa yamefika dirishani. Mzee alikuwa ameshakufa.

Walimzika kesho yake. Patrobas alisimama mbali na watu. Baada ya maziko Raho alimfuata pale aliposimama. Hakupaza sauti.

"Ungesema tu kwamba huwezi," alimwambia. "Wale vijana wangembeba."

Kwa wiki tatu Patrobas alimwambia kila mtu kwamba walipewa injini mbovu. Alisema hivyo kazini na alisema hivyo nyumbani. Mwishowe Nabalayo alichoka kusikia. Akaenda mtaa wa Shauri Moyo kumwita fundi Nerima, mwanamke aliyekulia Port Victoria, ziwani, kwenye boti za wavuvi. Siku hizo Nerima alitengeneza jenereta na pampu za maji.

Nerima alikuja Jumamosi mchana. Watu wachache walikusanyika nyuma ya ukumbi. Raho naye alikuja na kiti chake, akakaa.

Fundi aliifungua injini taratibu. Alimimina petroli kidogo kwenye chupa. Ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi, na chini yake kulikuwa na maji. Akafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Matundu yake yalikuwa yamezibwa na utomvu wa petroli iliyooza. Plagi, inayotoa cheche ya kuwashia, ilikuwa na kutu. Bomba la petroli lilikuwa limetafunwa na panya.

"Kwa hiyo ilikuwa mbovu tangu mwanzo," Patrobas alisema.

"Hapana, Baba Sally. Injini hii ni nzima. Haikutunzwa."

Patrobas aliketi chini.

Nerima hakumkemea. Aliendelea kueleza, naye Nabalayo akaandika. Petroli haiwekwi miezi mingi, kwa sababu inaharibika. Injini ikilala, petroli ya tangi na kabureta imwagwe yote, vikauke. Injini ya aina hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, si kwa kukisia. Mara moja kwa mwezi iwashwe, lakini isiwashwe kavu. Sehemu yake ya chini itumbukizwe kwenye pipa la maji, maana maji ndiyo yanayoipoza. Ikinguruma, itazamwe kama inatoa maji kupitia tundu la pembeni. Isipotoa, izimwe mara moja. Plagi isafishwe. Oili ya gia ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Propela, yaani mapanga yanayoisukuma boti, ikaguliwe kama imezongwa na kamba au mifuko ya plastiki. Boti nayo ikaguliwe nyufa, na kizibo na makasia viwemo ndani yake siku zote.

"Na mkitoka kwenye maji machafu," aliongeza, "iosheni injini kwa maji safi, nje na ndani, siku hiyohiyo."

Ndipo Raho alipouliza. "Kazi hiyo yote ya kila mwezi huchukua muda gani?"

Nerima alimtazama Patrobas kabla ya kujibu. "Nusu saa, mama."

Raho aliinuka, akachukua kiti chake, akaenda. Nerima akasafisha kabureta, akabadilisha bomba na plagi, akatia kizibo kipya, na injini ikawaka.

Tangu siku hiyo ufunguo ulitundikwa ukumbini, ambapo kila mtu aliweza kuufikia. Nabalayo na wale vijana wawili walijifunza kuwasha na kukagua. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi injini ilinguruma ndani ya pipa. Patrobas hakukosa hata mara moja.

Mwezi wa kumi na moja mto ulifurika tena. Injini iliwaka kamba ilipovutwa mara ya pili. Boti ilikwenda na kurudi mara nne, ikawatoa watu kumi na saba. Hakuna aliyekufa. Katika safari ya mwisho alikuwemo Raho. Walipofika pakavu Patrobas alimnyooshea mkono. Raho hakuushika. Alishuka kwa kushika bega la Nabalayo.

Watu walimsifu Patrobas na kumwita aje anywe chai. Hakwenda. Aliitumbukiza injini kwenye pipa la maji safi, akaiwasha ijisafishe. Akaondoa mfuko uliozonga propela. Akakausha kila mahali kwa kitambaa. Raho alisimama akimwangalia mpaka alipomaliza.

"Sasa umejua kutunza," alimwambia, akaenda zake.